Nilivyofungwa na Saa

Sisi tunaokaa Tunduma tumezoea kuishi na saa mbili. Upande wetu ikiwa saa saba mchana, upande wa pili, Nakonde, katika nchi ya Zambia, ndiyo kwanza saa sita. Hakuna mto mkubwa wala mlima kati ya saa hizo. Pana barabara, geti, na maofisa wa serikali mbili. Mama yangu huuza mchele na maharage kwa wateja wa pande zote, na tangu utoto wangu nimemsikia akiuliza swali ambalo watu wa Iringa au Dodoma wangelishangaa: "Saa nane ya kwetu au ya kwao?" Mtu asipouliza hivyo huchelewa saa nzima, au hukaa saa nzima juani akingoja bure.

Kwa hiyo nilidhani naijua saa. Muhula huu nimetambua kwamba nilikuwa siijui. Nataka kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu jinsi nilivyofungwa na saa ndogo ya mezani, mbele ya wenzangu, katika mchezo ambao kwa macho ya kila mtu nilikuwa nimekwisha ushinda. Sisimulii ili nihurumiwe. Nasimulia kwa kuwa lililonipata mimi laweza kumpata mwingine, hata kama hajagusa mchezo wowote maishani mwake.

Mchezo wa kwanza niliofundishwa ni bao. Babu yangu anakaa Mbozi kwenye mashamba ya kahawa, na likizo zangu nyingi nimezimalizia huko. Jioni akiisha nawa mikono, hulitoa bao lake lenye mashimo 32 na kete 64, akaketi chini ya mparachichi akingoja mzee mwenzake. Nami nikiisha kumwamkia hukaa pembeni kutazama. Siku aliyonipa nafasi ya kucheza, nilinyosha mkono upesi upesi kushika kete, naye akaushika mkono wangu.

"Mjukuu wangu," akasema, "kete haina miguu. Ukiiacha mahali pake itakungoja. Hesabu kwanza."

Basi nikajifunza kuhesabu. Nilijifunza kuzungusha kete kichwani, shimo kwa shimo, mpaka nijue ya mwisho itaangukia wapi, ndipo niguse. Mchezo mmoja wa Babu na rafiki yake uliweza kuanza jua likiwa juu ya mibuni na kwisha taa imewashwa. Chakula kilipoa, Bibi akaja mlangoni kuuliza, "Ninyi mnacheza au mnasali?" Hakuna aliyemwuliza mwenzake umetumia dakika ngapi. Mzee aliyekaa kimya kwa muda mrefu ndiye aliyeheshimiwa, maana watu walijua kwamba anapika jambo.

Nilipoingia Kidato cha Kwanza, mwalimu wetu wa hisabati alikuwa ameanzisha chama cha sataranji, ambayo wengi wetu huiita chesi. Tulikuwa na mbao mbili tu, na katika ubao mmoja ngome moja ilikuwa imepotea, tukaweka kizibo cha soda badala yake. Kwa wazazi wasioujua mchezo huu, nieleze kidogo. Ubao una vyumba 64, na kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili, na askari wanane. Kila aina ina mwendo wake. Ushindi ni kumbana mfalme wa mwenzako mpaka akose pa kwenda. Nilipoambiwa kwamba vyumba ni 64, nilicheka moyoni. Ni hesabu ile ile ya kete za Babu. Nikajiona nimefika nyumbani.

Mwalimu alituambia kwamba mtu wa kwanza katika Afrika iliyo kusini ya Sahara kupata cheo kikubwa kabisa cha mchezo huu ni Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola, Zambia, aliyekipata mwaka 2009. Alitusimulia pia habari za Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe jijini Kampala, aliyefundishwa sataranji na Robert Katende, akaiwakilisha Uganda katika mashindano makubwa ya mataifa, na mwaka 2016 maisha yake yakatolewa katika sinema. Habari hizi zilitutia moto sana. Zambia twaiona kwa macho yetu kutoka hapa. Kama mtoto wa Ndola amefika huko, kwa nini asifike mtoto wa Songwe?

Basi kwa miaka miwili nikacheza kama nilivyofundishwa na Babu. Jumamosi baada ya usafi tulikaa darasani, na kwa kuwa hapakuwa na saa, nilifikiri kadiri nilivyopenda. Wenzangu waliniita Kobe. Sikuchukia, kwani Kobe yule alikuwa akishinda. Hata wavulana wa Kidato cha Nne waliniogopa. Nilianza kuamini kwamba nina akili kuliko wengine, na hapo ndipo balaa ilipoanzia.

Mwanzoni mwa muhula huu Mwalimu alikuja na saa ya sataranji. Ni saa kuukuu ya kutia ufunguo, yenye nyuso mbili katika sanduku moja na vitufe viwili juu. Ukiisha kucheza unabonyeza kitufe chako. Saa yako inasimama na ya mwenzako inaanza kwenda. Juu ya kila uso kuna kibendera chekundu. Mshale mkubwa ukikaribia mwisho hukiinua, na dakika ya mwisho ikitimia kibendera huanguka. Aliyeangukiwa amefungwa, hata kama ana kete zote ubaoni, isipokuwa mwenzake awe hana tena nguvu za kuweza kumfunga mfalme. Hapo huwa sare.

Mwalimu alitueleza kwamba chombo hiki hakikuzaliwa pamoja na mchezo. Sataranji ina umri wa zaidi ya miaka elfu moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo ilichezwa kama bao la Babu. Katika mashindano ya kwanza ya kimataifa, London, mwaka 1851, hapakuwa na mpaka wa muda, na watu walilalamika kwamba wachezaji wengine hufikiri mpaka watazamaji wanasinzia. Mwaka 1861 Adolf Anderssen na Ignatz Kolisch walipopambana walitumia vyombo vya kioo vyenye mchanga unaochuruzika. Mwaka 1883, huko huko London, zikatumika saa mbili zilizounganishwa, moja ikienda nyingine inasimama, kwa ubunifu wa Thomas Bright Wilson wa Manchester. Karibuni zaidi, mwaka 1989, bingwa wa zamani Bobby Fischer wa Marekani alipata hati ya ubunifu wa saa inayomwongezea mchezaji sekunde chache kila anapocheza, ili asife kwa kukosa muda wa kunyosha mkono. Saa yetu haina huruma hiyo. Ukiisha kula dakika zako, zimekwisha.

Mwalimu alipotoa habari hizo mimi nilisikiliza kwa sikio moja. Niliona kwamba saa ni kama kengele ya shule: inakuambia wakati, lakini haiwezi kukufundisha hesabu wala kukunyang'anya. Nilikosea.

Shule yetu ilikuwa imealikana na shule moja ya ng'ambo kwa mchezo wa kirafiki, na nafasi katika timu yetu zilikuwa nne. Waliojiandikisha walikuwa 16. Mwalimu akapiga hesabu ubaoni: kwa mtindo wa mtoano watu 16 hucheza michezo 15, saa tuliyo nayo ni moja, kila mtu akipewa dakika 10, mchezo mmoja hauwezi kuzidi dakika 20, basi michezo 15 ni dakika 300, yaani saa tano kamili. Tukianza saa tatu asubuhi tutamaliza saa nane, kisha tule. Watakaofika kwenye nne bora ndio watakaoingia katika timu. Hesabu ilikuwa safi, hakuna aliyebisha.

Katika mzunguko wa kwanza nilimfunga mwenzangu wa darasani nikiwa nimebakiwa na nusu dakika. Lile lilikuwa onyo, lakini mtu aliyeshinda haonyeki. Katika mzunguko wa pili nilipangiwa kijana mdogo wa Kidato cha Kwanza, mwembamba, ambaye alikuwa hajatimiza hata miezi mitatu katika chama chetu.

Kijana huyu siku za likizo huuza karanga na maji kwa madereva wa malori yanayopanga foleni kuelekea mpakani. Drafti alijifunza huko, kwa vizibo vya soda, chini ya matela. Na drafti ya foleni si bao la Babu. Dereva acheza huku sikio moja liko mbele. Foleni ikisogea, anaruka juu ya usukani na mchezo umevunjika. Anayetaka kushinda lazima ashinde kabla lori la mbele halijaondoka. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilimwona mtoto tu.

Tukaanza. Alicheza kama anayefukuza nzi. Kabla sijaondoa mkono wangu kwenye kitufe, wake ulikwisha shuka. Mara akaupeleka farasi wake mahali ambapo askari wangu angeweza kumla bure kabisa. Nikashtuka. Babu alinifundisha kwamba kitu cha bure kina bei, basi nikakaa nikatafuta mtego. Nikatafuta kulia, nikatafuta kushoto. Hapakuwa na mtego. Nikamla farasi, nikatabasamu, nikabonyeza kitufe. Kumbe nilikuwa nimetumia dakika tatu.

Hatua chache baadaye akaniletea ngome yake kwa namna ile ile. Nikatafuta mtego tena, safari hii kwa bidii zaidi, maana niliona haiwezekani mtu awe mjinga mara mbili. Mtego haukuwapo. Nikala na ngome. Wenzangu waliozunguka meza wakaanza kunong'ona kwamba mtoto amekwisha. Na kweli, ubaoni alikuwa amekwisha: nilimzidi farasi na ngome, na askari wangu mmoja alibakiza hatua mbili afike mwisho awe malkia. Yeye alibaki na ngome moja, farasi mmoja na askari watatu, akimkimbiza mfalme wangu huku na huku kwa vitisho visivyo na kichwa wala miguu. Kila kitisho nilikijibu vizuri. Kila jibu lilikuwa sahihi. Nilikuwa nikifikiri niendeleze yule askari wangu au kwanza nimfiche mfalme, niliposikia mlio mdogo, kama wa punje ya hindi ikidondoka juu ya bati.

"Muda," Mwalimu akasema kwa sauti ya chini.

Kibendera changu kilikuwa kimeanguka. Cha yule mdogo kilikuwa bado na dakika nne.

Akasimama kwa adabu, akaninyoshea mkono. Nami, nasema haya kwa aibu, niliutia wangu mfukoni. Nikamwambia mbele ya watu wote, "Umeishinda saa. Mimi hukunishinda."

Akanitazama kidogo, akajibu bila hasira, "Lakini kaka, saa ilikuwa yako pia."

Darasa zima likacheka. Nikatoka nje.

Jioni ile Mwalimu aliniita darasani, na yule mdogo alikuwapo. Nilitazamia kukemewa kwa kukataa mkono. Badala yake alituambia tukae tucheze mara mbili. Mara ya kwanza aliiweka saa kabatini. Tulicheza zaidi ya saa moja. Mdogo akanitupia farasi kama alivyofanya mchana. Nikafikiri nilivyotaka, nikamla, na safari hii sikulipa kitu. Naye kadiri mchezo ulivyokwenda pole pole, ndivyo alivyozidi kuhangaika. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akacheza bila kutazama. Nikamfunga bila shida. Mara ya pili Mwalimu akaitoa saa, dakika 10 kila mtu. Nilijua la kufanya: nisifikiri sana. Basi sikufikiri, nikampoteza malkia wangu kwa upuuzi ambao hata mtoto wa shule ya msingi asingeufanya, nikafungwa.

"Sasa niambieni," Mwalimu akauliza, "nani kati yenu ni mchezaji bora?"

Hatukujibu. Akachukua chaki.

"Tuseme mchezo una hatua 40 kwa kila mtu," akasema. "Kwa dakika 10, kila hatua ina sekunde 15. Katika mashindano makubwa ya mataifa mchezaji hupewa dakika 90 kwa hatua 40 za kwanza, na sekunde 30 zaidi kwa kila hatua. Dakika 90 ni sekunde 5,400, gawanya kwa 40, upate 135, ongeza 30. Ni sekunde 165. Na katika mashindano ya dunia ya mchezo wa haraka kabisa, kila mtu hupewa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2 kwa hatua. Ni sekunde sita na nusu. Ubao ni ule ule, kete ni zile zile, sheria ni zile zile. Lakini mtu wa sekunde 165 huulizwa: waweza kugundua nini? Mtu wa sekunde sita huulizwa: wajua nini tayari?"

Maneno hayo nilirudi nayo bwenini, sikulala upesi. Polepole nikaanza kuelewa lile lililonichoma. Farasi aliyetupwa na yule mdogo alikuwa hatua mbaya. Mchezo wetu wa pole pole ulithibitisha hivyo. Walakini katika dakika 10 hatua ile mbaya ilikuwa imenigharimu dakika tatu, karibu theluthi moja ya mali yangu yote, na yeye ilimgharimu sekunde mbili. Alikuwa ameniuzia farasi, nami nililipa bila kuuliza bei. Kwa hiyo hatua iliyo mbaya katika mchezo mmoja ilikuwa nzuri katika mchezo mwingine. Hapo huwezi kusema tena kwamba ni mchezo ule ule umefanywa wa haraka. Ni mchezo mwingine uliovaa nguo za ule wa kwanza. Na mimi nilikuwa nimeingia ndani yake nikicheza ule wa kwanza, kisha nikamlaumu mwenzangu kwa kucheza ule uliokuwapo.

Baba yangu hupenda kusimulia usiku wa tarehe 12 Februari 2012, Zambia walipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Libreville, Gabon. Walicheza na Ivory Coast dakika 120 bila bao, kisha wakashinda kwa penalti 8 kwa 7. Hakuna Mzambia aliyelirudisha kombe eti kwa sababu penalti si mpira. Lakini pia hakuna kocha anayedhani kwamba kupiga penalti ni kucheza mpira kwa haraka. Ni kazi nyingine. Ina mazoezi yake na moyo wake.

Mabingwa wa sataranji wanalijua jambo hili vizuri. Mwaka 2018, London, Magnus Carlsen wa Norwei alitetea ubingwa wa dunia dhidi ya Fabiano Caruana wa Marekani. Michezo 12 ya muda mrefu yote ilitoka sare. Katika mchezo wa 12 Carlsen alikuwa na hali nzuri zaidi ubaoni na muda mwingi zaidi kwenye saa, na bado akatoa ombi la sare. Watu wengi walishangaa. Baada ya hapo ilibidi wacheze michezo ya dakika 25 ili apatikane mshindi, naye Carlsen akashinda yote mitatu. Yeye alijua ni katika mchezo upi kati ya miwili anamzidi mwenzake kwa mbali, akauendea. Mimi Kobe sikujua hata kwamba michezo ni miwili.

Wenzangu hupenda kunikumbusha hadithi ya Sungura na Kobe. Nimeifikiria sana hadithi hiyo. Kobe alishinda kwa sababu mashindano yalikuwa ya umbali, na Sungura akalala. Kama pangekuwa na kibendera cha kuanguka, Kobe angefungwa akiwa njiani, anatembea vizuri kabisa.

Nisije nikadhaniwa kuwa nimekuwa mtumwa wa haraka, nieleze yaliyotokea siku ya wageni. Mimi sikuwa katika timu. Mwalimu alinipa daftari niandike hatua za mchezo wa yule mdogo. Tulikuwa tumepatana na wageni kuanza saa nne asubuhi, na kila mchezaji apewe saa nzima. Saa nne ikafika, wageni hawapo. Tukangoja, tukaanza kunung'unika. Walipofika ilikuwa saa tano kamili, nao wakatushangaa kwa nini tumenuna. Saa zao ziliwaambia kwamba wamefika kwa wakati barabara. Katika watu wote tuliokaa mpakani miaka yote hii, hakuna aliyekumbuka kuuliza swali la Mama. Kwa kuwa walitakiwa kurudi kwao mapema, muda ukapunguzwa kuwa dakika 30 kila mtu.

Yule mdogo alikaa mbele ya msichana mmoja wa ng'ambo, mpole, mwenye miwani. Akaanza kama kawaida yake. Hatua ya 11 akautupa farasi. Msichana akaegemeza kidevu mkononi, akafikiri dakika nne, akaula. Mdogo akatupa na askofu. Msichana akafikiri tena, akaula. Dakika nne kati ya 30 si theluthi, bei haikumwuma. Hatua ya 27 mfalme wa mdogo akabanwa. Nilitazama saa: msichana alikuwa ametumia dakika 22, na mdogo wetu ametumia dakika sita. Dakika 24 alizirudisha nyumbani bila kuzitumia, kama mtu aliyekwenda sokoni na fedha akarudi na njaa.

Alipotoka nje nilimfuata. Alikuwa ameketi juu ya jiwe nyuma ya darasa, anajifuta macho kwa siri. Nikakaa karibu naye. Nilimwambia kwamba siku ile nilikosa adabu, na nikamnyoshea mkono niliokuwa nimeuficha. Akaupokea. Kisha nikamwambia, "Saa ilikuwa yako pia." Akacheka huku machozi hayajakauka.

Tangu siku hiyo tunafanya mazoezi pamoja. Mimi namfundisha kukalia mikono yake. Nasema kweli, anaketi juu ya viganja vyake mpaka ahesabu mambo matatu: mwenzangu anataka nini, nikicheza hivi atajibu nini, na je, ipo njia bora kuliko hii ya kwanza niliyoiona. Yeye ananifundisha kutazama saa kama ninavyomtazama malkia, na kujiuliza kabla ya kufikiri kama jambo lenyewe lastahili dakika ninayotaka kulilipa. Nimegundua siri moja. Wepesi wake hautoki hewani. Zile hatua anazozicheza kwa sekunde mbili amekwisha ziona mara mia chini ya malori. Na yale ninayoyagundua mimi leo kwa dakika tano, nikiyarudia, kesho nayajua kwa sekunde tano. Basi mchezo wa pole pole ndio shamba, na wa haraka ni soko. Asiyelima hana cha kuuza. Na anayelima tu bila kufika sokoni, mazao yake humwozea.

Jambo hili limenifikisha mpaka katika mtihani wangu wa hisabati wa katikati ya muhula. Maswali yalikuwa 10 na muda saa mbili. Swali la nne lilinishika, nikakaa nalo dakika 40, nikalipata sawasawa. Maswali matatu ya mwisho sikuyagusa, na mawili kati yake nilikuwa nayajua. Wakati ule niliilaumu karatasi kuwa ndefu. Sasa najua kwamba nilitupiwa farasi, nikalipa.

Wazee wetu walitwambia, "Haraka haraka haina baraka." Wazee hao hao walitwambia, "Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako." Zamani niliona kama wanajipinga. Wiki mbili zilizopita nilipata ruhusa kwenda Mbozi, nikamsimulia Babu habari yote. Nilitazamia aicheke saa yangu. Alikaa kimya muda wake wa kawaida, kisha akaonyesha mibuni.

"Mbuni ukiupanda," akasema, "wangoja miaka mitatu upate matunda ya maana. Ukiuharakisha hausikii. Lakini tunda likiisha kuiva na kuchumwa, limenywe siku ile ile. Ukilala nalo, kahawa yako imeharibika. Mkulima ni yule yule, mjukuu wangu. Ajue tu leo ni siku gani."

Wanafunzi wenzangu, chama chetu hukutana kila Jumamosi saa nane mchana katika darasa la Kidato cha Pili. Wa haraka na wa pole pole wote mnakaribishwa, na wazazi pia mkipita. Ngome yetu moja bado ni kizibo cha soda. Na hiyo saa nane, tafadhali, ni ya kwetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu